Kadi ya Kusikiliza kwa Mama Neema

Mama Neema, jirani yangu wa meza,

Hapa ku soko tuko wazima. Maharagi ya njano imepanda, viazi imeshuka, na yule mama wa majani ya sombe mwenye alisema hatarudi kwa bwana yake amerudi, tena na matelas mupya ya kulalia. Hiyo niiache. Hukuniuliza.

Naandika juu audio zangu haufungui. Nimekutumia kumi na moja. Naziangalia ku telefone, zimefika, lakini alama ya kuonyesha umesikia haikuji. Njo maana nikatafuta kalamu. Unanijua, masomo yangu iliishia mwaka wa tatu, hii barua imenikamata siku tatu. Mutoto yako Neema atakusomea. Neema, mutoto yangu, soma polepole, na penye utakuta najisema vibaya usiruke.

Mu bahasha kuna kadi ya telefone, ile ndogo sawa ukucha. Nimeijazisha vitu vya kusikiliza. Papa wa camion ya maharagi ataileta kule Kiwanja kwa kaka yako, sababu kurudia anarudiaka mutupu.

Ya kwanza ni miksi ya rumba ya zamani, ile yetu. Tulikuwa na ekuteri moja, ile kamba ya masikio, wewe sikio ya kuume, mimi ya kushoto, sahani ya maharagi ku magoti, tunatosha mawe. Ni wewe ulinifundisha kama na rumba ya polepole mikono inaona mawe, na muziki ya mbio mawe inapita. Sikukuamini. Ile siku niliweka ya mbio, papa wa restora akarudi na jiwe mu mukono:

"Mama, humu umenipimia kilo ngapi ya mawe?"

Mbele nifungue mudomo wewe ulishajibu: "Papa, hiyo ni matabisi, tumekuongezea bure." Akacheka, akanunua tena. Ile miksi iko na kasoro moja tu. DJ anataja jina yake kila saa, sawa mutu anaogopa kupotea ku soko. Umuvumilie.

Ya pili ni podikasti ya mama moja wa upande wa Bukavu, anazungumuzaka na ba mama ba biashara. Iko sita ku kadi. Anza na ya mwenye kuuza samaki ya sambaza, ile utacheka. Yule mama anauliza, kisha ananyamaza mpaka mwenzake amalize. Nilifikiri mega za telefone imekwisha, kumbe anasikiliza tu.

Kuna ya muganga juu ya tension ya damu. Hiyo uweke bila ekuteri, kaka yako asikie ile ya chumvi. Kisha kuna muhubiri anapiga kelele juu ya baraka. Sikumuomba, wale wa kujaza kadi walinijazia tu. Muruke.

Sasa nifike penye naogopa.

Ile siku nyuma ya mifuko uliniambia kama kusoma haujui. Kama mu korali kitabu unashika tu, unafungua wakati mimi nafungua, na wimbo unaukamata na masikio, ukiusikia mara mbili umekwisha. Ukasema, "Nimesema na wewe, Mama Chance, sikusema na soko." Nikakuapia. Nikachunga ile maneno Jumapili mbili, na kwangu mimi Jumapili mbili ni murefu. Kisha nikamufanyia yaya yangu wa tumbo moja audio ya ile siri, na kucheka ndani, na kidole ikaituma ku grupu ya korali. Nilipoifuta, ba mama munane balikuwa bamesikia.

Huwa nasema ni kidole. Hapana. Kidole ilikosa mulango, lakini maneno ilikuwa imetoka kwangu.

Jumapili ile mutu nyuma yetu akauliza, "Mama Neema, tuko ukurasa gani?" Hukugeuka. Ulifunga kitabu, ukaiweka ku benchi polepole sawa yai, ukatoka. Siku ya tatu meza yako ilikuwa tupu, na batu bakaniuliza uko wapi, bananiuliza mimi, mwenye kujua ya bote.

Kuna jambo haulijui. Wewe ulikuwa unaniangalia mimi. Mimi nilikuwa naangalia Mama Prezidenti, mukubwa wetu wa korali, juu zile nyimbo za kifaransa mimi pia nilikuwa nafungua mudomo tu. Wewe ulipoenda, nilisimama mbele ya bote ba korali nikasema hivyo. Mama Prezidenti akavua miwani, akasema, "Hii ni ya marehemu bwana yangu. Ni ya kuonea mbali." Mama wa nyuma, ule wa ukurasa gani, akainama. Tulikuwa mustari muzima tunafunguana vitabu, na mwenye kusoma hayuko. Tulicheka mpaka padiri akachungulia.

Kutoka pale hatushiki tena vitabu. Mwalimu wa korali anarekodi wimbo, tunasikiliza mu telefone, kila mutu nyumbani, mpaka ikae. Sawa vile wewe ulikuwa unafanya toka zamani na haya. Sasa hiyo njo masomo yetu.

Ku meza niko pekee. Sikio moja rumba, ingine iko wazi, na unajua nini inaingiaka mu sikio ya wazi ku soko hii. Zamani ningekuwa nimeshakuandikia yote. Namaliza kusikia, ninaacha hapohapo. Si kila siku, nisikudanganye.

Ya mwisho ku kadi ni sisi. Tulirekodi Jumamosi. Sauti ya kwanza utaisikia, ya tatu utaisikia. Ya pili haina mutu. Mama Prezidenti aliniambia, "Ingia wewe, mudomo si unayo." Nikakataa. Tukaimba hivyo, tukaacha mahali. Usikilize na sikio yako ya kuume. Penye utasikia wimbo imetoboka, ni pako pale, hatukupafunika na kitu.

Unisalimie kaka yako na shamba. Ekuteri ya kuume inaning'inia hapa ku musumari wa meza. Naipangusaka asubui.

Ni mimi, jirani yako wa meza, mwenye sikio ya kushoto.