Mizunguko Miwili na Nusu

Baba Masika,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Yako sina wa kumuuliza, na yangu ukiiona utacheka: juzi nilishinda karakana ya Kasese, nimekalia tairi kuukuu, mikono magotini, nikilinda kabureta isije ikaguswa nimegeuza macho.

Gari letu liliishiwa nguvu pale Kisinga, na magunia ya maharage nyuma. Lilikohoa, likarukaruka, likazima. Nami nikasema kwa sauti, "Haya, shuka ulitazame." Nikageuka upande wako. Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike na bado nazungumza na kiti.

Kila fundi alisema ni kabureta, inayoilisha injini petroli, na unajua kwa nini sikumwachia yeyote kuifungua. Vitu vyako vyote vimekwishapita mikono ya watu. Redio alichukua Masika aliporudi kwa mumewe, spana waligawana ndugu zako, koti lako nililitoa kanisani mwenyewe. Kabureta pekee ndiyo ilibaki kama mkono wako ulivyoiacha. Asubuhi nikiwasha gari, ule mngurumo wa chini ulikuwa wako. Nilikuwa nikiusikiliza kidogo kabla ya kuondoka, na siku ikawa inaanza vizuri.

Sasa kila mtu akawa na shauri lake. Masereka, yule fundi wa Kasese uliyemfundisha kazi, alinitumia picha ya kabureta mpya kwenye simu. "Mama, ile imechoka," akaniambia. "Tuweke mpya. Naagiza Kampala, kesho inafika na basi."

Papa Kambale naye, yule mfanyabiashara wa Butembo anayevuka mpaka wa Mpondwe kila siku ya soko, alipata habari akaja mpaka mlangoni. Anazitaka zote mbili, ya kwenye gari na ile ya akiba uliyoiweka kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda. "Mama Masika, uniuzishe," alinibembeleza. "Kule kwetu magari ya zamani ingali mingi, na bile bintu bipya biko naharibika mbio. Hii ya bwana yako iko ya nguvu."

Njia ya tatu ilikuwa kuifungua yetu, kuiosha, na kuitia vyuma vya ile ya akiba. Hiyo ndiyo niliyoiogopa zaidi, kwa sababu ikifunguliwa tu, ulichokipima wewe kimekwisha. Nikaona nikiuza nimekupoteza, nikinunua nimekupoteza, nikitengeneza nimekupoteza. Gari likakaa nyuma ya nyumba wiki nzima, maharage yangu yakaenda sokoni kwa boda boda, na mimi nikawa mkali kwa kila aliyenisalimia.

Wiki hiyo niliikumbuka sana siku ya Mpondwe. Ulikuwa umenifundisha kuendesha mwezi mmoja tu. Gari likanizimikia mbele ya geti la mpaka, malori nyuma yangu yakipiga honi, wapagazi wakinicheka, na yule askari akigonga boneti: "Wewe mama! Toa gari! Toa haraka!" Nikaliwasha, likazima. Nikaliwasha, likazima. Nilifika nyumbani nalia, nikakutupia funguo na kuapa kwamba sitashika tena usukani.

Uliziokota, ukazitia mfukoni. Kesho yake ulishinda na gari, jioni ukanirudishia funguo. "Jaribu tena." Na kweli, halikuzima tena. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Ukawa unawaambia majirani, "Mwone Mama Masika. Huyo sasa ni dereva." Nami nikavimba kichwa. Nakumbuka nilianza hata kuwakosoa wanaume barabarani.

Lakini tangu hapo petroli ikawa haikai. Na wewe ulikuwa ukienda Bugoye kutengeneza mashine ya kahawa ya yule mjane. Nikajumlisha mwenyewe. Nilikuuliza gari linapelekwa wapi nisipokuwepo, ukanijibu, "Gari zee, linakunywa." Nikakuambia mwenye macho haambiwi tazama. Ukaendelea kula. Nilikununia kwa ajili ya Bugoye mpaka ulipougua. Mjane yule alipokuja matangani na mkungu wa ndizi kichwani, sikumpa mkono. Watu waliona.

Basi juzi nikaamua. Afadhali uharibiwe na mtu uliyemfundisha kuliko uvuke mpaka ndani ya gunia. Gari likavutwa mpaka Kasese. Masereka alipochukua bisibisi nilimshika mkono.

"Usiogope, Mama," akasema. "Mzee alitufunza. Kabla ya kufungua, unahesabu."

Akaishika ile skrubu ndogo inayopunguza na kuongeza petroli, akawa anaifunga polepole akihesabu mizunguko, ili baadaye airudishe palepale. "Moja. Mbili." Akaendelea kidogo, akasimama. Akainua uso.

"Na nusu. Iko mbili na nusu, Mama! Mzee mwenyewe alikuwa anatukemea, anasema moja na nusu, ukipita hapo unamwibia mwenye gari. Hii imekunywa petroli bure miaka yote."

"Kwa nini aliweka hivyo?"

Masereka akakuna kichwa. "Labda hakutaka izimike. Ukiweka hivi, hata kama mutu hajui kuachia klachi vizuri, gari haizimiki."

Nilicheka, Baba Masika. Nilicheka mpaka mafundi wengine wakageuka, halafu kicheko kikanigeukia kilio. Masereka alidhani ni harufu ya petroli, akaniletea maji.

Kumbe ndiyo kazi uliyoshinda ukiifanya siku ile baada ya Mpondwe. Ungeweza kuniambia. Kila nilipokutajia Bugoye ungeweza kusema neno moja, "Ni kwa sababu hujui klachi," na ugomvi ungekwisha. Ukakubali kuitwa mwongo ndani ya nyumba yako ili mimi niendelee kuitwa dereva. Nisamehe. Maji yamekwisha kumwagika, najua, lakini nisamehe. Jumapili nitapanda Bugoye kumpa yule mama mkono ambao sikumpa.

Kabureta ilioshwa, ikatiwa vyuma vya ile ya akiba. Papa Kambale atatafuta kwingine. Mwishoni Masereka akaniuliza, "Turudishe moja na nusu? Petroli itakaa." Nikamwomba bisibisi. Nikaihesabu mwenyewe, kwa mkono wangu: miwili na nusu.

Niliendesha peke yangu mpaka Bwera. Kwenye kile kilima cha kuingia nyumbani nilisimamisha gari, nikatia gia, nikaachia klachi vibaya, makusudi.

Halikuzima.

Pumzika, mume wangu. Ni mimi, uliyemwita dereva,

Mama Masika