Mulango ya Koko

Kwa mutoto wangu Éliakim, kule Mavivi,

Jambo sana. Baba yako Stanislas iko muzima. Dada yako Bénite anakusalimia, na katoto kake kameota meno mbili. Koko Anne-Marie, mama ya baba yako, hatembei tena, lakini anakula bugali yote. Mimi pia niko, Mungu asifiwe.

Huku Mususa mvua ni mingi. Ile mulango ya chumba ya koko, fundi ameipiga randa mara tatu mu mwezi moja, na ingali inakwama. Jana akakataa kazi. Akaniambia polepole: «Mama, mulango haina kosa. Etaji, ile sakafu ya juu, njo inashuka.»

Unamujua Delphin, jirani wetu wa juu. Tangu batu banakimbia vita kule Eringeti, analeta magunia ya kakao ya kule mu chumba yake, juu ya kichwa ya koko kabisa. Nilipanda kumuomba. Akacheka mbele ya muke wake: «Mama Éliakim, kakao yangu inakuuma wapi? Vaa kofia!» Baba yako naye anakataa tutoe koko mule. Eti batu ba kanisa batasema tunamuchukia Delphin, mwenye tunasali naye.

Ninakuandikia karatasi sababu telefoni iko mu mufuko ya baba yako. Camion ingine ya kakao inafika siku ya posho, njo Jumamosi. Umupigie baba yako mbele ya ile siku, umuambie atoe mama yake mule. Wewe anakusikia. Usiseme ni mimi. Leo asubuhi nimetoa bipande bya simenti ya etaji mu nywele ya koko. Ujibu mbio, mutoto wangu, mbio sana.

Mama yako,
Mariette