Kidimbwi Chako cha Mihogo

Yaya wangu mpendwa,

Nilipanda mlimani Fizi juzi, mara ya kwanza tangu tukulaze kaburini kule juu. Najua dada mkubwa kama wewe atataka kwanza kusikia nilipandaje, apate kucheka. Basi cheka. Nilitoka Baraka kwa pikipiki, na kwenye mwinuko wa mwisho dereva alinigeukia kwa adabu akasema, "Papa, shuka kidogo, piki inachoka." Nikamalizia kwa miguu, tumbo likinitangulia, lile ulilosema litafika mbinguni kabla yangu.

Pale kwenye kona tulipozoea kupumzika niligeuka. Ziwa lilikuwa mahali pake, rasi ya Ubwari imelala ndani yake kama mtu aliyejifunika blanketi hadi kichwani. Nikajisemea, nani mwingine ana mji mzuri namna hii? Kisha upepo ukageuka, nikanusa mazuti, mafuta ya mashine.

Pua yangu unaijua. Ulipoopoa mihogo uliyoloweka kwenye kidimbwi chako, pale kijito kinapopinda chini ya shamba, mimi nilisimama mbali nimejiziba kwa kola ya shati. Kila mama alikuwa na kidimbwi chake, amekizungushia mawe, na hakuna aliyethubutu kutia muhogo wake kwa mwenzake. Uliubonyeza kwa kidole gumba, kikizama, umeiva. Halafu ulinifuata na kidole hicho kinachonuka, mimi baba mzima wa watoto, nikikimbia shambani. "Bukari ya muhogo unakula, harufu unakimbia. We iko muntu ya namna gani?"

Leo, Yaya, kidimbwi chako ni uji wa udongo mwekundu, na juu yake mafuta yanatambaa rangi rangi. Juu zaidi wachimbaji waliokuja kutoka upande wa Misisi wameuchana mlima, wanaosha mchanga wa dhahabu kwa mashine siku nzima. Kwenye mawe uliyoyapanga kwa mikono yako kuna soksi iliyooza, chupa za plastiki, na kinyesi cha watu. Cha watu, Yaya, ndani ya maji ya kulowekea chakula. Nilitema mate mpaka mdomo ukakauka.

Nilipofika nyumbani kwako, juu zaidi ya wachimbaji, binti yako Furaha alinipokea vizuri, na uani niliona beberu mnene amefungwa. Nikasema kumbe siku hizi mjomba anaheshimiwa. Furaha hakucheka.

"Mujomba, iyo mbuzi haiko ya kula."

Alikuwa ameletwa na mwenye mashimo ya dhahabu, kijana ambaye wote wanamwita PDG, yaani bosi mkuu. Anataka shamba lako, lile la juu ya kidimbwi. Alikuwa ameelekezwa desturi yetu: mbuzi wa kuombea hajibiwi kwa mdomo. Akichinjwa, mwombaji amekubaliwa. Akirudishwa hai, amekataliwa. Na kwa kuwa shamba ni la ukoo, na mkubwa aliyebaki ni mimi, Mungu atusaidie, Furaha alikuwa anamlisha majani akinisubiri.

Nilimuuliza kwa uangalifu kama yeye mwenyewe hataki kushuka Baraka, apumzike na jembe. Aliniangalia kama ulivyokuwa ukiniangalia wewe.

"Ukiichinja, mujomba, mi nitalima wapi? Kwa mugongo yako?"

Basi nikamfungua mbuzi. Ungeniona. Sisemi nilimpeleka, yeye ndiye aliyenipeleka, akinivuta kwenye mteremko, kofia imeanguka, wachimbaji wameacha sepetu zao kutazama mzee na beberu wakishuka mlima. PDG alikuwa amekaa chini ya turubai, viatu vyake vinang'aa katikati ya matope yote aliyowaletea wengine. Aliniuliza kama mbuzi alikuwa na ugonjwa.

Nikamwambia, "Iko muzima. Mayi ya kijito njo iko mugonjwa."

Hakukasirika, na hilo lilinichukiza zaidi. Akanisogezea sahani ya nyama ya kuchoma. Mimi, nyama ya kuchoma! Niliona mafuta yakimetameta juu yake kama yale ya kidimbwini, nikairudisha sahani.

"Bajirani balishakula mbuzi yabo, mzee," akasema. "Mutabakia na kashamba kenu katikati ya mashimo, kama jino moja."

Nilifunga kamba ya mbuzi kwenye mguu wa kiti chake, nikaondoka. Jibu zuri la kumpa nililipata nikiwa nusu ya mlima, kama kawaida yangu.

Sijui jino letu litakaa muda gani. Majirani wamekula kweli. Nimepita kwao, wananisalimia huku wanatazama chini. Lakini usiku ule shamba lilikuwa bado lako, na asubuhi Furaha alilima.

Kabla sijashuka alinipeleka nyuma ya jiko. Ana pipa la maji ya mvua, ndani ameloweka mihogo. Alipofunua kifuniko, harufu ilinipiga usoni, ileile, na mkono wangu ukaenda kwenye kola kwa mazoea. Nikaurudisha. Niliinama, tumbo likanipinga, nikabonyeza muhogo kwa kidole gumba. Kikazama.

Nimefika Baraka leo mchana. Mke wangu ameuliza mara mbili nini kinanuka namna hii ndani ya nyumba. Nimemwambia ni Yaya, na bado sijanawa kidole.

Lala salama juu ya mlima wako.

Mdogo wako, mwenye pua