Zimwi Mwenye Gambuti

Mogogosiek,
Jumapili

Mama mpendwa,

Pokea salamu tele kutoka kwangu, kwa mume wangu Kebaso, na kwa mjukuu wako Nelvine. Goti lako limepoa? Na yule ng'ombe amezaa? Sisi hatujambo, ila mvua imenyesha wiki nzima na majani chai yanachipuka upesi kuliko mikono yetu inavyochuma.

Mama, kaa chini kwanza, na kaka Obure anayekusomea asome polepole. Tumepata kitabu! Kitabu cha picha, cha kusomea watoto wanapoenda kulala!

Ilianza hivi. Nelvine alikuwa halali bila hadithi, nami sikuwa na nyingine ila ile yako ya msichana aliyetumwa kuomba moto, akaingia nyumbani kwa zimwi bila kujua. Kila jioni aliniuliza zimwi anafanana vipi. Nikachukua kalenda za zamani, nikamchorea picha upande wa nyuma. Zimwi nilimvika gambuti na aproni ya plastiki kama sisi wachumaji, kikapu mgongoni. Unisamehe, najua wako alikuwa miguu mitupu. Nelvine alicheka mpaka usingizi ukamchukua akicheka.

Basi akazibeba karatasi zile hadi chekechea. Mwalimu wake, Molly, akawasomea watoto wote, kisha akanifuata shambani, katikati ya mistari ya chai, akipaza sauti kwamba kuna watu Nairobi wanaotafuta vitabu vya namna hiyo. Tukazituma. Baada ya miezi miwili mhariri wao, anaitwa Antony, akanipigia simu: wamekubali! Niliruka juu, majani yakamwagika. Msimamizi alidhani nimeumwa na nyoka.

Lakini mama, kuna jambo. Walinitumia fomu inayouliza hadithi ni ya nani, na kama mwenyewe yuko hai, atie sahihi. Nikakumbuka ulivyonichapa nilipochora kwenye kitabu chako cha nyimbo, ukasema picha hazijawahi kumlisha mtu. Niliogopa utakataa. Nikaandika: ni ya mama yangu, marehemu.

Ndiyo, mama. Nilikuua kwa kalamu.

Zikapita siku tatu. Kila Nelvine alipokutaja, nyanya yake, nilitoka nje. Alhamisi nikampigia Antony nikamwambia ukweli, nikijua kitabu chaweza kuishia hapo. Akauliza, "Na mama mwenyewe anajua amekufa?" Nikasema bado. Alicheka sana. Alipomaliza, akaniambia bila mzaha kwamba hakuna ukurasa utakaochapwa bila sahihi yako, na kwamba jina lako litatangulia langu.

Fomu mpya imo ndani ya bahasha hii. Ukikataa, nitakubali, wala sitanung'unika. Hadithi ni yako. Ukikubali, usimpe mtu ailete. Ilete mwenyewe. Jumamosi ya tarehe kumi na nne Antony atakuja chekechea, na watoto thelathini na wawili wanamngoja mwenye hadithi awasimulie kwa mdomo wake.

Wasalimie majirani wote, na Obure akikuambia haya kwa kicheko, mnyamazishe. Nikemee ukifika, hata mbele ya watu. Bora waisikie sauti yako, mama, wajue uko hai.

Ni mimi binti yako, mwenye kosa na mwenye furaha,
Janefer