Ujio wa Mzee Kamis

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Mkutano wa wakazi leo, kwenye kile chumba cha zamani cha polisi karibu na bomba. Mwenyekiti Odur anasema Mabatini yetu itapata chumba cha kumbukumbu. Picha za wazee ukutani, sauti zao kwenye simu, ili Kyebando yote, hapa Kampala, ijue sisi ni nani. Nikajiweka sawa kwenye kiti. Nilijua jina linalofuata ni langu. La nani tena? Wakristo wote waliotoka mtaa huu wakiwa kwenye jeneza, nani amesimama kusema ujio wao? Mimi! Na kabla yangu shangazi Taqwa, Mungu amrehemu.

Akamtaja Docus.

Docus! Binti wa mzee Saverio Olal. Ameishi Bugolobi kwenye maflati tangu amalize masomo, karudi juzi tu kumuuguza baba yake. Ana maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola. Watu wakapiga makofi. Hata Shafiq, mume wangu mwenyewe, kiti cha pembeni yangu, kapiga makofi! Nikamtazama. Akaacha.

Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Jumatatu, 6 Oktoba

Docus alikuwa kwa bibi Akot. Nimewaona nikiwa dukani napima bizari. Akot kavaa gauni la Krismasi, maikrofoni kolani, anacheka mpaka anafuta machozi. Akot huyu huyu! Mimi nilimbembeleza kwa sabuni na sukari ndipo akanipa ujio wa marehemu mumewe, tena kidogo kidogo, kama mtu anayetolewa mwiba. Docus kapewa yote kwa asubuhi moja, na chai juu.

Jioni nikamwambia Shafiq mambo haya hayachezewi. Mabatini ilianzishwa na watu wa namna mbili, askari Wakristo wa kaskazini na sisi Waislamu wa biashara, ukuta mmoja, mlango kwa mlango. Ndiyo maana akifa Mkristo, husimama Mwislamu kusema aliingiaje hapa: alishika nini mkononi, nani alimfungulia mlango, alikula nini siku ya kwanza. Akifa Mwislamu, husimama Mkristo. Wa nyumbani hasemi, maana atasifia au ataficha. Na husemwa mara moja tu, mbele ya watu, kabla maiti haijatoka uani. Sasa leo mtu anazunguka na simu anakusanya kama anayeokota maembe!

Shafiq anayajua yote hayo. Alisikiliza, akapiga miayo. Akasema, Mama Nasser, huo ni wivu, na wivu haujawahi kukoleza mchuzi. Nimemnyima chai ya pili.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru. Nimefungua nusu mlango tu. Docus kaja. Kaomba iliki ambayo najua haihitaji, akawa anaigeuza geuza mkononi. Halafu akasema: Dada Rahima, hali ya baba unaiona. Naomba uniambie ujio wake. Nataka niusikie yeye akiwa bado yupo.

Ninao. Ninao wote! Shangazi aliniachia neno kwa neno. Nikamwambia hapana. Ujio hautolewi dukani kama iliki. Una siku yake, una watu wake. Desturi ni desturi, mdogo wangu.

Akainamisha kichwa. Akasema asante, dada. Iliki akaiacha juu ya mizani.

Mungu anisamehe, nilisikia raha. Nimeimba mchana kutwa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya swala nimempelekea mzee Saverio uji wa ulezi, kama kila Ijumaa tangu kiharusi kimwangushe. Docus alikuwa ametoka na maikrofoni yake. Nikamlisha kwa kijiko. Nikamuuliza kama kawaida: mzee, baba yangu aliingiaje hapa?

Akanitazama kwa lile jicho lake zima. "Ijumaa, mwanangu. Ijumaa."

Leo ni Ijumaa, mzee.

"Ijumaa," akasema, akafungua mdomo apewe kijiko kingine.

Kichwa kimekwisha, maskini. Na ni yeye peke yake aliyekuwa nao. Baba yangu Kamis, muuza marashi na mikeka, alikufa mwaka ule wa corona. Mtaa mzima umefungiwa ndani, wamemzika watu wachache waliovaa plastiki, hakuna aliyesimama kusema chochote. Saverio alinipigia simu analia, akasema ujio atausema mambo yakifunguka. Mambo yalipofunguka, akaanguka bafuni. Baba mwenyewe hakuwahi kunisimulia. Nikimuuliza anacheka, anasema nikifa muulize Saverio.

Basi mimi ninayejua nani alimfungulia nani mlango Mabatini nzima, wa baba yangu simjui. Linaniuma. Nasimama kwenye matanga ya watu, nasema ya watu, narudi nyumbani mikono mitupu.

Jumanne, 14 Oktoba



Akot kaja kununua chumvi, uso umemeremeta. Umesikia, Rahima? Mzee Saverio kamsimulia Docus ujio wa baba yako! Jumapili, baada ya misa. Wote! Mpaka rangi ya mlango!

Banange!

Uji wangu. Miguu yangu. Kijiko changu. Halafu kapewa yeye!!

Jumatano, 15 Oktoba

Nimekwenda, hata hodi sikupiga. Docus alikuwa anaanika shuka za baba yake. Nikamwambia nipe. Akauliza nini. Nikamwambia unajua nini, usijifanye mtoto.

Akakung'uta shuka. Akasema: lakini dada, ulinifundisha mwenyewe. Una siku yake, una watu wake.

Laiti angesema kwa dharau! Ningepata pa kumshika. Alisema taratibu tu, akatazama chini kama mtu aliye na lingine mdomoni, kisha akachukua kibanio akaendelea kuanika. Na mzee ndani, nilimsikia akikohoa. Sikuingia kumsalimia.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nimeurusha mwenyewe, umenirudia mwenyewe.

Najua nawaza vibaya. Nawaza amekaa kitandani na mzee, mzee anaongea sauti imenyooka, anataja jina la baba yangu, na huyu anaitikia eeh baba, eeh baba. Nilipaswa kuwa mimi pale. Usiku sikula.

Ijumaa, 17 Oktoba

Sikupeleka uji. Nipeleke kwa nini? Ana binti, ana maikrofoni.

Shafiq alipita pale akirudi kutoka msikitini. Anasema mzee katolewa na kiti chake, kakalishwa mlangoni. Nikasema hewa safi ni dawa. Akaniangalia, akaenda kujimiminia chai mwenyewe.

Jumamosi, 18 Oktoba

Wamekifungua chumba chao. Pamependeza! Nasema kweli, na ndilo linaloniudhi. Kuta zimepakwa chokaa, picha zimewekwa kwenye fremu, chini ya kila picha maneno mazuri. Wazee walipita wakigusa vioo kwa vidole. Akot alijiona akiwa bibi harusi, akaita watu waje wamtazame.

Baba yuko katikati, na kanzu yake na mkeka begani. Chini yake hakuna neno. Karatasi nyeupe tu. Watu wakaanza: Rahima, baba yako mbona hana maneno? Wananiuliza mimi, msemaji! Nikasema macho yananiwasha, nikatafuta mlango.

Na mimi nipo. Nyuma ya mlango! Nimepigwa picha nikisema ujio wa marehemu Okwera, mdomo wazi, mkono juu. Mlango ukifunguliwa sionekani. Docus akasema hapo ndipo palikuwa na msumari. Msumari!

Jumanne, 21 Oktoba

Mzee Saverio amefariki alfajiri. Inna lillahi wa inna ilaihi raji'un.

Nimelia. Sikutegemea kulia vile, mpaka nimeshika mizani ya duka.

Anapelekwa kwao Kitgum Alhamisi. Odur kaja kavua kofia: nnyabo Rahima, ujio ni wako. Ndiyo, ni wangu. Hilo hakuna maikrofoni ya kulichukua.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimeshaupanga. Nitausema mkavu. Aliingia, akafunguliwa, akala, nikakaa chini. Sitamtaja jogoo. Ujio wa Saverio ni jogoo yule: alitembea kutoka vitani kamficha ndani ya koti la uaskari, njaa inamuua na hakumchinja, na alipofunguliwa mlango jogoo akawika ndani ya koti, nyumba nzima ikakimbia. Shangazi alisema ukifika hapo watu watacheka na kulia kwa pamoja. Basi hawatafika. Docus aliyetaka kuusikia mapema ataupata mifupa mitupu. Aonje!

Shafiq kauliza kama nimejiandaa. Nimesema sana.

Alhamisi, 23 Oktoba

Naandika haraka haraka, nimejifungia chumba cha ndani kwa Saverio. Nje uani pamejaa. Jeneza liko kwenye meza, gari la Kitgum limesimama barabarani, padri kamaliza. Walipotaka kuniita Docus akawaambia wangoje kidogo, akaingia humu, akafunga mlango. Macho yamevimba, kanga kajifunga vibaya. Sikumpa pole. Nilisubiri aseme.

Akasema: Dada, kabla hujasimama ujue. Baba hakusahau. Ujio wa mzee Kamis alikuwa nao kichwani siku zote. Mimi mwenyewe nilimuuliza, mbona humpi Rahima? Akasema, nikimpa, Ijumaa atakuja kufanya nini?

Nikasema unanidanganya.

Akasema aliniapisha nisikwambie. Alisema ukija hukai sana, lakini unakuja. Alikuwa akiamka Ijumaa anataka anyolewe. Na Ijumaa iliyopita, dada, nilimtoa mlangoni mchana, akakataa kuingia mpaka magharibi. Anatazama upande wa duka. Nilimwambia leo ana wateja wengi.

Hakunilaumu. Akafuta pua kwa ncha ya kanga. Akasema: leo ukimaliza wake, mimi nitasimama niseme wa mzee Kamis, hapo hapo, kabla hatujaondoka. Sijui kama nitarudi Kampala. Ni haki yako, na watu wapo. Akatoka.

Na mimi, hata sasa, hata sasa!, kilichonichoma kwanza ni kwamba alimwambia yeye na si mimi. Yarabi, wivu gani huu usiostahi hata jeneza?

Halafu swali likaja. Mzee angenipa ujio mwaka ule alipoanguka, siku ya kwanza, na uji bado wa moto, ningerudi Ijumaa ya pili? Nimeandika ndiyo. Nimeifuta.

Dirishani namwona Docus. Kakaa kwenye mkeka mbele kabisa, karibu na miguu ya baba yake. Maikrofoni hana. Anangoja kusikia baba yake aliingiaje duniani kwetu, na nilichomwandalia ni mifupa. Ule mzima nao ninao, najaribu kuuanza midomoni, nafika kwenye koti, sauti inakatika. Nikikatika mbele ya watu je? Watasema Rahima analia nini, si wa kwao. Nikiusema mkavu, watasema vizuri, asante, na yeye hatajua kamwe kilichokosekana.

Odur ameita jina langu.  Shafiq kagonga mlango, anasema Mama Nasser, padri anatazama saa.

Nimesema nakuja. Sijainuka.