Feni Mbili Juu ya Rejeta Moja

Alhamisi, saa kumi na mbili jioni. Upepo wa Same umetulia baada ya kutumwagia vumbi kutwa nzima, na milima inaonekana safi kama imeoshwa.

Mimi pia nimetulia. Asubuhi sikuwa hivi.

Tangu nimalize kidato cha nne ninamsaidia Mama Sudi kwenye studio yake ya kuhariri video za sherehe. Kompyuta yake ya mezani hupozwa kwa maji. Maji huzunguka yakibeba joto la prosesa hadi kwenye rejeta ndogo, juu kabisa ndani ya kasha, na feni mbili hulipuliza joto hilo nje. Aliinunua kwa fundi Elinami, wa Mwanga.

Jumanne Mama Sudi alinituma nipanguse vumbi ndani ya kasha. Kupangusa tu. Mimi nikazifungua na feni. Wakati wa kuzirudisha nikakumbuka nyumba yetu: joto likizidi tunafungua dirisha la mbele na mlango wa nyuma, upepo uingie huku utokee kule. Basi feni moja nikaielekeza ivute hewa ya nje, nyingine itoe. Nilijiona nina akili.

Sikumwambia mtu.

Jana kompyuta ikaanza kujizima kila kazi ya kukamilisha video ya sendofu ya Kihurio, sherehe ya kumuaga bibi harusi, inapofika nusu. Joto la prosesa lilipanda karibu digrii mia. Leo asubuhi Mama Sudi akampigia fundi simu mbele yangu, akamwambia amemuuzia kitu kibovu, na bibi harusi ameahidiwa video yake kesho. Fundi hakubisha. Alisema atafunga duka aje alasiri.

Nikanyamaza. Hapo ndipo panaponiuma kuandika. Nilijua nimegusa, na nikanyamaza hadi adhuhuri.

Mama Sudi alipoingia ndani kuswali, nilichana ukanda mwembamba wa karatasi ya chooni nikaushika juu ya kasha. Juu ya feni inayotoa hewa ukasimama wima. Kisha ukapinda, ukanyonywa na feni ya jirani yake. Hewa ya moto iliyotoka huku ilikuwa inarudi ndani kule. Nyumbani upepo huingia mbele na kutokea nyuma. Mimi nilikuwa nimeziweka feni zote mbili kwenye dirisha moja, zikinyang'anyana hewa.

Nikazima, nikaigeuza ile inayovuta. Nilipoipangusa ubavuni nikaona mshale mdogo unaoonyesha upepo unakoelekea. Ulikuwepo siku zote.

Mama Sudi alipotoka nikamweleza yote, macho yangu yakiwa kwenye kandambili zake.

"Kumbe nimemsema mtoto wa watu bure," akasema. "Haya, mpigie wewe."

Mimi, ambaye hata kumsalimia mteja sauti hukwama. Nilimpa fundi shikamoo mara mbili kwa kubabaika. Nilipomaliza kukiri, alicheka taratibu.

"Mimi kwenye kompyuta ya kwanza niliyounda feni niliziweka zote kinyume, tena ilikuwa ya mchungaji wetu. Alinivumilia. Siku nyingine, kabla ya kufungua, piga picha kwanza."

Mama Sudi akaichukua simu akamwomba radhi mwenyewe na kumwambia asihangaike kuja, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Video ilikamilika alasiri, joto likiwa digrii sitini na kitu. Tuliitazama yote tukinywa chai ya tangawizi, naye akawa ananionyesha ni shangazi gani anacheza vizuri kuliko bibi harusi.

Nashukuru. Kwa fundi ambaye hakunicheka kwa ubaya. Kwa ule ukanda wa karatasi.

Kesho bibi harusi atajiona akicheza, na hatajua kilichotokea. Mama Sudi anajua. Na alipoondoka jioni hii, ufunguo wa studio aliniachia mimi.