Usiuze gitare ya Papa

Chérubin, bukari na ndagala viko chini ya sahani. Nimeenda shambani.

Asubuhi ulisema gitare ya Papa imekufa, utaiuza, na mimi nisiyemaliza shule ninyamaze. Haikufa. Papa alikuwa anaweka kamba nene, weye umeweka nyembamba. Hizo hazivuti shingo sana, kwa hiyo shingo imerudi nyuma na kamba zinagusa vile vyuma vya shingoni. Njo maana zinalia kama nzi ndani ya chupa. Legeza visi ya shingo, ile skrubu ya kuzungusha na funguo, kidogo, robo ya mzunguko tu, halafu ungoje shingo irudi mbele. Nilikuwa namushikia Papa funguo, niliona.

~~Ukiiuza, usiniite dada tena.~~ Usiiuze, tafazali. Tangu tumuzike Papa, nyumba hii imenyamaza. Nikirudi, nikusikie tangu barabarani.

Dada yako, Précieuse